Sauti Yako Iishie Wapi? Minara, Masafa na Ziwa Victoria

Mjomba wangu alianza kuvua dagaa Ukerewe kabla sijazaliwa. Usiku mmoja, mimi nikiwa kidato cha pili, injini ya boti yao ilizima wakiwa mbali na nchi kavu, na upepo ukaanza kuwasukuma. Alikuwa na kitochi chake mfukoni, amekifunga kwenye nailoni kisilowe. Alipokitoa alikuta mnara upo, vistari viwili. Akapiga. Simu ikahangaika kidogo, ikakata. Akapiga tena, hivyo hivyo. Wakaendelea kupiga mpaka chaji ikaisha, na kilichowaokoa ni boti nyingine ya dagaa iliyowaona alfajiri ikawavuta.

Hadi leo akisimulia kisa hicho swali lake ni moja: “Mjomba, mnara mimi nilikuwa nauona. Kwa nini wenyewe haukunisikia?”

Kipindi kile sikuwa na jibu. Nimekuja kulipata chuoni, na kumbe lina historia ndefu. Twende nayo polepole, maana ukiielewa utaelewa pia kwa nini simu yako inakata ukiwa kwenye kivuko, kwa nini mtandao unazidiwa siku ya mechi, na kwa nini serikali inanadi kitu kisichoonekana wala kushikika.

Mji mzima, mnara mmoja

Tarehe 17 Juni 1946, katika jiji la St. Louis nchini Marekani, kampuni ya AT&T na tawi lake la Southwestern Bell walizindua huduma ya simu za kwenye gari. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa karibu kilo 36, kwa hiyo ulikaa kwenye buti. Ukitaka kupiga ulimwita opereta, naye ndiye aliyekuunganisha kwa mkono.

Mfumo wenyewe ulikuwa rahisi: antena moja yenye nguvu, imewekwa juu kabisa, inahudumia jiji zima. Lakini chaneli zilikuwa chache mno, na kila chaneli ilibeba mazungumzo ya mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Chaneli zote zikishikwa, wengine wote mjini wanasubiri.

Kwa nini zisiongezwe tu? Hebu fikiria sabufa. Mtaani kwako kuna baa inapiga muziki, na baa ya pili hatua ishirini mbele inapiga wimbo mwingine kwa sauti ileile. Ukisimama katikati husikii wimbo wowote, unasikia kelele. Redio nayo ndivyo ilivyo. Chaneli ni kipande chembamba cha masafa. Watu wawili wakitumia kipande kimoja katika eneo moja, sauti zao zinagongana. Na masafa yana mipaka: kuna ya redio, ya televisheni, ya ndege, ya polisi, ya jeshi. Kila mmoja anataka fungu lake.

Kwa hiyo foleni ikawa ndefu. Kufikia mwaka 1976, miaka 30 baada ya St. Louis, huduma ya Bell katika jiji la New York ilikuwa na chaneli 12. Wateja walikuwa 543, na watu wapatao 3,700 walikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Hilo ni jiji lenye mamilioni ya watu!

Waraka wa Desemba 1947

Jibu lilikuwa limeshaandikwa zamani. Desemba 1947, mhandisi wa maabara za Bell aitwaye Douglas H. Ring aliandika waraka wa ndani wa ofisi kuhusu simu za kwenye magari. Mwenzake, W. Rae Young, alichangia wazo la kuligawa eneo katika maumbo ya pembesita, kama sega la nyuki.

Kila mtu alikuwa anawaza kuongeza nguvu ya antena ili ifike mbali zaidi. Ring na Young walisema kinyume chake: punguza. Weka minara mingi midogo, kila mmoja unong’one badala ya kupiga kelele. Mawimbi yake yakifika umbali fulani yawe yamefifia kabisa. Hapo yakishafifia, chaneli ileile iko huru, mwingine anaweza kuitumia.

Kila eneo la mnara mmoja likaitwa seli. Kwa nini pembesita? Mawimbi hayana kona, hilo kila mtu analijua. Lakini ukipanga duara kwenye karatasi zitaacha mapengo au zitapandana. Pembesita hufunika karatasi yote bila pengo, na ndilo umbo linalokaribia duara kuliko pembetatu au mraba. Ni ramani ya kupigia hesabu tu, usiende kuitafuta mtaani.

Ukishapata ramani, swali linalobaki ndilo moyo wa somo hili: nani apewe chaneli zipi? Kanuni ni moja, majirani wasifanane. Ni kama kupaka rangi ramani ili mikoa inayopakana isiwe na rangi moja. Na kweli, mwaka 1980 William K. Hale alichapisha makala mashuhuri iliyoonesha kwamba kugawa masafa na kupaka rangi ni hesabu zinazofanana. Ni hesabu ngumu kwelikweli. Seli zikiwa nyingi, hata kompyuta yenye nguvu haiwezi kujaribu mipangilio yote, inabidi iridhike na mpangilio unaokaribia kuwa bora.

Mbona basi tulingoja? Kwanza, teknolojia haikuwepo. Gari likitoka seli moja kwenda nyingine, simu lazima ihame chaneli katikati ya mazungumzo bila wewe kugundua, na minara ikabidhiane mteja. Kazi hiyo inahitaji kompyuta, na ya mwaka 1947 ilijaza chumba kizima. Pili, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilichukua miaka mingi kuamua nani apewe masafa. Japani ikatangulia mwaka 1979 jijini Tokyo, nchi za Skandinavia zikafuata mwaka 1981, na Wamarekani wakafungua huduma ya biashara Chicago tarehe 13 Oktoba 1983. Yaani wenye wazo walikawia miaka 36.

Tuijaribu Mwanza

Hesabu hii inanoga ukiiweka mahali unapopajua. Mfano ufuatao nimeubuni, lakini kanuni zake ni za kweli.

Tuseme kampuni moja ina vipande 42 vya masafa ya GSM. Kila kipande kina upana wa kilohezi 200 na hubeba mazungumzo 8 kwa kupokezana zamu haraka sana. Ukiweka mnara mmoja mkubwa juu ya kilima cha Bugando, mji mzima unapata 42 mara 8, yaani mazungumzo 336 kwa wakati mmoja. Kuanzia Buhongwa hadi Igombe, watu 336 tu!

Sasa tumia wazo la Ring na Young. Gawa vipande 42 katika mafungu 7, kila fungu vipande 6. Fungu la kwanza lipe Kirumba, la pili Pasiansi, la tatu Mabatini, la nne Nyakato, la tano Igoma, la sita Mkolani, la saba Nyegezi. Kila seli inapata nafasi 48. Ondoa chache za kazi za mtandao wenyewe, zibaki 45. Mpaka hapo tumepata hasara kidogo, maana 7 mara 45 ni 315. Utamu unakuja ukipunguza ukubwa wa seli na kurudia mafungu yaleyale. Ukiwa na seli 21, una nafasi 945. Ukiwa na seli 70, una 3,150. Masafa hayajaongezwa hata hezi moja.

Nafasi 45 zinatosha watu wangapi? Hapo tunamshukuru Mdenmaki A. K. Erlang, ambaye mwaka 1917, akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kanuni ya kukadiria uwezekano wa mtu kukuta laini zote zimejaa. Ukikubali kwamba simu 2 kati ya 100 zikatae, na kila mteja anaongea wastani wa dakika moja na nusu katika saa yenye pilika nyingi, seli yenye nafasi 45 inabeba wateja kama 1,400.

Tatizo ni kwamba watu hawakai kwa wastani. Siku Simba au Yanga wakija CCM Kirumba, maelfu wanahamia seli moja na kila mtu anataka kumpigia aliyebaki nyumbani. Ndiyo maana, tangu miaka ya 1970, watafiti walianza kupendekeza ugawaji wa papo kwa hapo: chaneli zisifungwe kwa mnara, bali mnara uliozidiwa uazime kwa jirani asiye na kazi. Njia hii inafaa sana mzigo ukiwa wa kupanda na kushuka. Lakini kila mnara ukiwa umejaa, ugawaji wa kudumu uliopangwa vizuri ndio hushinda. Hata kuazimana vyombo mtaani hufanya kazi siku ambazo si wote wenye shughuli.

Halafu kuna umbali. Kwa mafungu 7, minara miwili inayotumia fungu moja inapaswa kuachana kwa kama mara 4.6 ya nusukipenyo cha seli. Seli ikiwa na nusukipenyo cha kilomita 2, umbali huo ni kilomita 9 na kidogo. Mifumo ya kwanza ya analojia ilitumia sana mafungu 7. GSM inavumilia kelele zaidi, hivyo hushuka hadi 4 au hata 3. Na hapa Mwanza ina bahati: yale mawe na vilima vyetu ni kuta za bure. Mnara wa upande huu wa kilima hausikiki vizuri upande wa pili, na kwa mpangaji wa masafa hiyo ni baraka.

Ila ukigeuka, nyuma yako kuna ziwa.

Mawimbi yasiyokufa

Turudi kwenye historia kidogo. Tanzania ilipata Tume ya Mawasiliano kwa sheria ya mwaka 1993, na mwaka 1994 Mobitel ikaanza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam, kwa mitambo ya analojia. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikielekea Mwanza na mamia ya watu wakapoteza maisha, simu ya mkononi nchini ilikuwa na umri wa miaka 2 tu na ilikuwa mali ya wachache. Vodacom ilikuja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na mwaka 2003 ikatungwa sheria iliyounda TCRA, mamlaka inayosimamia masafa hadi leo. Katika miaka iliyofuata simu zikamiminika mialoni, na mvuvi akaanza kuuliza bei ya samaki Mwaloni kabla hajafunga nanga.

Mawimbi ya simu yalipofika ziwani yaligoma kufuata mpango. Kumbuka, mfumo mzima umejengwa juu ya imani kwamba mawimbi yatafifia haraka. Nchi kavu kuna nyumba, miti na vilima vya kuyadhoofisha. Juu ya maji hakuna kitu. Mnara wa pwani uliowekwa juu ya kilima unaweza kusikika makumi ya kilomita, mbali kuliko mpangaji alivyokusudia.

Hapo ndipo alipokuwa mjomba, na sasa naweza kumjibu. Majibu ni mawili.

La kwanza: vile vistari kwenye simu vinakuonesha jinsi wewe unavyousikia mnara. Havisemi lolote kuhusu mnara unavyokusikia wewe. Mnara unatuma kwa makumi ya wati, tena ukiwa juu. Kitochi cha GSM kwenye masafa ya megahezi 900 kinatuma kwa wati 2 kikiwa kimejitahidi kabisa, tena kikiwa mkononi mwa mtu aliyekaa usawa wa maji. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti akuite kutoka ng’ambo, nawe umjibu kwa mdomo mtupu.

La pili linashangaza zaidi. Kwa kuwa wateja 8 wanapokezana zamu kwenye kipande kimoja, kila simu lazima ifike kwa wakati wake, la sivyo itaingilia zamu ya mwenzake. Mawimbi ya mtu aliye mbali yanachelewa, hivyo mnara unaiambia simu yake ianze kutuma mapema kidogo. GSM iliacha hatua 63 za kuwahisha, na kila hatua ni kama mita 550 za umbali. Zidisha: kilomita 35. Ukivuka hapo, hata hewa ikiwa safi na mnara unausikia vizuri, simu yako haiwezi kuwahi zamu. Ni ukuta uliojengwa na hesabu. Kutoka Mwanza mjini hadi Nansio kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 40.

Waliobuni GSM walikuwa Wazungu wenye minara iliyokaribiana, na kilomita 35 waliiona ni kubwa mno. Baadaye zikaja mbinu za kurefusha, kwa mfano kumpa mteja wa mbali zamu mbili badala ya moja. Lakini hapo mteja mmoja anakula nafasi ya wawili.

Gharama ya kumfikia mtu mmoja

Tuseme mnara wa pwani umeruhusiwa kuhudumia ziwa hadi kilomita 30. Eneo lake ni mara 225 ya seli ya kilomita 2. Kwenye eneo hilohilo ungeweza kupanga seli ndogo 225, na kwa mafungu 7, kila chaneli ingetumika mara 32. Badala yake imetumika mara moja. Tena, kwa kanuni ya mara 4.6, chaneli hizo hazitakiwi kurudiwa hadi kilomita 138 hivi, wakati ziwa lote kutoka kaskazini hadi kusini lina kilomita 337.

Kwa hiyo mji na ziwa vinagombania masafa. Mji unataka sauti iishie karibu ili wengi waongee, ziwa linataka sauti ifike mbali ili mtu mmoja asikike. Kwa kampuni inayohesabu mapato kwa mnara, jibu halihitaji majadiliano: antena inainamishwa kuelekea mjini, na maji yanaachiwa makombo. Hakuna mtu mbaya hapo, ni hesabu tu. Lakini hesabu imeulizwa swali la mapato, haikuulizwa swali la uhai.

Imewahi kuulizwa la pili pia. Mwishoni mwa miaka ya 2000, Celtel ilipokuwa imebadilika kuwa Zain, kampuni hiyo ilishirikiana na Ericsson na mfuko wa maendeleo wa GSMA kutangaza mtandao wa usalama wa Ziwa Victoria. Mpango ulikuwa kuongeza uwezo wa minara 21 iliyokuwepo tayari kuzunguka ziwa, ifike hadi kilomita 20 kutoka ufukweni, mahali ambapo sehemu kubwa ya uvuvi hufanyika. Angalia namba hiyo 20: iko ndani ya ule ukuta wa 35. Haikuhitajika teknolojia mpya, ilihitajika kuamua tu kwamba mvuvi naye ni mteja.

Tuwe wakweli pia, mtandao hautibu kila kitu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara, ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Pale tatizo halikuwa umbali wa mnara.

Nchi tatu, ziwa moja

Kuna jambo moja zaidi. Mipaka ya Tanzania, Kenya na Uganda inakutana ndani ya maji, kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Huko, mnara wa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda inaweza kusikika kwa pamoja, na mawimbi hayana pasipoti. Kama nchi zote tatu zikitumia chaneli zilezile kwa nguvu zote, atakayeumia ni aliye katikati.

Dawa yake ni ileile ya kupaka rangi, ila sasa wanaopaka ni serikali. Wasimamizi wa nchi jirani hukaa na kugawana: karibu na mpaka, chaneli hizi nchi fulani itangulie, zile nyingine nchi ya pili, na nguvu za antena zisizidi kiwango walichokubaliana. Kwa upande wa mteja, Celtel ilijaribu njia yake Septemba 2006 kwa huduma ya One Network, iliyomwezesha mteja wa nchi moja kati ya hizi tatu kupiga akiwa nchi nyingine kama yuko nyumbani. Kwa watu wa ziwa hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu samaki hawajui mpaka na anayewafuata naye husahau.

Na leo?

Utasema hizo ni habari za kitochi, leo tuna 4G. Kweli, mifumo mipya imebadilisha mchezo. Katika 4G seli zote zinaweza kutumia masafa yaleyale, na minara inaelewana kuhusu wateja walio ukingoni. Ukuta wa kilomita 35 nao umesogezwa, 4G imeandaliwa kuweza kufika hata kilomita 100. Kisha Tanzania ilizima televisheni za analojia, Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012 na Mwanza Februari 2013, na masafa ya megahezi 700 yaliyokuwa ya televisheni yakapatikana kwa simu. Haya husafiri mbali kuliko yale ya juu, yaani ndiyo hasa yanayofaa ziwani.

Lakini kelele ya jirani haijafutwa, imehamia ukingoni mwa seli. Na ziwani, karibu kila mtu yuko ukingoni. Simu nayo bado ina betri ndogo na sauti ndogo kuliko mnara. Uamuzi ni uleule: megahezi 700 unaweza kuyainamisha yajaze video za mjini, au kuyanyoosha yaguse Ukara na Ghana. Masharti ya leseni yanaweza kusema lolote kati ya hayo, na leseni zinatolewa kwa niaba yetu, mimi na wewe.

Likizo iliyopita nilimweleza mjomba yote haya: zamu, hatua 63, kilomita 35. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Kwa hiyo mnara ulinisikia nimechelewa?”

Nikamwambia ndiyo, kama ulikusikia kabisa.

“Basi siku hizi,” akasema, “natoka na simu mbili na makasia manne.”